Kobe Ni Gari la Nani

Nyumbani, meza ya kulia chakula
(ile yenye mguu mmoja uliowekewa kadibodi)
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na baba watoto wako na wale mapacha ambao kila picha unayotuma wanazidi kufanana na mimi. Poleni sana. Kikohozi cha yule wa pili kimekwisha? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama, au umeamua kutoinama tena kama mimi?

Sisi huku hatujambo, ukiondoa uchovu. Si ugonjwa, usishtuke. Ni uchovu wa kukaa kwenye viti vya ofisi za watu, vile vilivyounganishwa vinne vinne, jirani akijikuna nawe unatikisika. Magoti yangu yanalalamika nikipanda ngazi. Wifi yako anasema yanalalamika hata nikiwa nimelala.

Dukani mambo ni yale yale. Watu wanakuja kupimwa macho, nawachongea lenzi, wanaikalia miwani, wanarudi wakisema imejipinda yenyewe. Mashine ya kuchongea bado ni ile kuukuu, inapiga kelele kama inajisaga. Najua nilikuandikia kwamba mwaka huu nanunua mpya. Utaona mbele kwa nini sijanunua.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimefurahi kusikia mnahamia nyumba yenye ua. Lakini pale ulipoandika kwamba mwisho wa mwezi mnamuuzia gari lenu mdogo wa mumeo, na kwamba "ni ndugu, mambo ya karatasi tutayafanya baadaye", nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Sentensi ilikuwa bado ipo. Ndiyo maana nimeikalia meza hii leo badala ya kulala, na wewe unajua ninavyoupenda usingizi wa Jumapili.

Unamkumbuka Kobe, lile gari letu jeupe la mgongo mrefu, lenye mlango wa nyuma usiofungika mpaka uupige nyonga. Utakuwa unamkumbuka, maana ulijifunzia udereva humo, na nguzo ya geti bado ina alama yako. Basi Kobe nilimuuza. Nilimuuzia mama mkwe wangu.

Mkunga unamfahamu. Tangu astaafu wodi ya wazazi hajabadilika: nusu ya watu wa mtaa huu walipita mikononi mwake, na akikutana na mmoja wao, hata awe na mvi, atamwambia mbele za watu alilia namna gani siku ile. Siku hizi anafuga kuku wa mayai na kuwauzia waoka mikate. Alikuwa anakodi pikipiki, na mayai yalikuwa yanafika yakiwa yamebakiza kukaangwa tu. Akachoka. Akajiandikisha shule ya udereva kimyakimya, akapata leseni kwa jaribio la kwanza, tofauti na mtu fulani ambaye sitamtaja kwa kuwa namwandikia barua. Kisha akanijia dukani akasema, "Baba, Kobe unamuuza?"

Ningekataaje? Nikampa bei ya mkwe, na Jumamosi moja nikampelekea gari nyumbani kwake. Akanikabidhi bahasha, nikaipokea kwa mikono miwili, sikuihesabu mbele yake. Nikampa ufunguo. Tukanywa chai. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikijiona mkwe wa mfano.

Kadi ya gari ilibaki dukani kwangu, kwenye droo ya fremu za watoto. Sikuisahau, Kijiko, nisikudanganye. Nilikuwa naiona kila nikifungua droo. Ila nilikuwa najiuliza, nitaanzaje kumtandikia mama mkwe makaratasi mezani, nimwambie tia sahihi hapa, na hapa, na namba yako ya mlipakodi iandike pale? Ni kama kumwambia simwamini. Nikasema nitamwachia nafasi, akiwa tayari atasema mwenyewe.

Bima nayo ilikuwa na miezi kadhaa mbele, kwa jina langu, stika imebandikwa kwenye kioo. Nikasema hiyo nayo iwe zawadi, aitumie mpaka iishe. Ilipokuja kodi ya mwaka ya gari, nikailipa kimya kimya. Zikaja na faini mbili za kuegesha vibaya, zote mbele ya duka moja la mikate. Nikalipa. Kila nilipolipa nilijisikia mwema zaidi.

Sasa ngoja nikwambie lililotokea.

Mkunga alikuwa anatoka kwa mwoka mikate, anarudi nyuma, trei tupu zimejaa mpaka zimeziba kioo. Upande wa pili wa barabara kuna fundi cherehani anayeshonea barazani. Kobe akavuka barabara kinyumenyume kwa utaratibu wake, akapanda ngazi ya baraza, akaisukuma meza, cherehani ikamwangukia fundi mguuni. Sare za shule zilizokuwa zimekatwa zikatapakaa mtaani.

Nilifika nikamkuta fundi amelala juu ya vitambaa vya bluu, jasho linamtoka, na Mkunga amepiga magoti pembeni yake.

"Mama," fundi akamwambia, "ulinileta duniani kwa mikono yako, sasa unanitoa kwa tairi?"

"Nyamaza usijichoshe," Mkunga akamjibu. "Hata siku ile ulikuwa na makelele." Akaufunga mguu kwa rula zake fundi, zile ndefu za kupimia suruali, akazungushia utepe wa kipimo. Sauti yake ilikuwa ya wodini, ila utepe aliufunga fundo mara tatu.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pabaya. Hospitali wakasema unahitaji kupasuliwa na kutiwa chuma. Cherehani ilikuwa haifai tena, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, wazazi wameshalipa sare. Fundi ana mke na watoto na hana kazi nyingine. Sote tukageukia kwenye bima. Nilikuwa na bima kubwa, Kijiko, ile ya kila kitu, nimeilipia miaka yote bila kugonga hata ndoo. Nikasema leo ndiyo siku yake.

Wifi yako ndiye aliyeona shimo, mchana tukila. Akaniuliza polepole, "Lakini gari si ni la mama?" Akatafuna, akafikiri, akasema, "Kwenye kadi ni lako bado. Sema alikuwa ameliazima. Mtu akiazima gari kwa ruhusa yako, bima inalipa. Fundi atatibiwa, basi."

"Na mama tutamwambiaje?"

"Mama hana haja ya kusema kitu. Utasema wewe."

Wifi yako ameishi na mama yake tangu kuzaliwa, na bado aliweza kuwaza hivyo. Sikumlaumu. Nami nilikuwa nimeshawaza yale yale kabla yake, nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme.

Ofisi ya bima iko juu ya duka la rangi, harufu inakupanda kichwani kabla hujafika dirishani. Dirisha lenyewe lina kitundu cha kuongelea kilichowekwa kwa mtu ambaye hakusimama wala hakukaa. Nikainama nusu. Mkunga akasimama kando yangu na mkoba wake wa zamani wa kazini.

Karani alikuwa binti mpole, anaandika kwa mwandiko wa duara. Akaniuliza gari ni la nani. Nikamjibu, "Kadi iko kwa jina langu." Sikusema uongo, kama unavyoona. Akaandika. Kisha akainua macho kumtazama mama mkwe wangu.

"Na wewe mama, mkwe wako alikuazima lini?"

"Kuazima nini?"

"Gari."

Mkunga akauweka mkoba juu ya kaunta. "Binti yangu, mimi siazimi. Gari nimelinunua kwa mayai. Muulize huyu, alipokea kwa mikono miwili."

Karani akanitazama mimi. Mimi nikatazama feni.

Nilikuwa na nafasi, Kijiko. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: mama amechanganyikiwa tangu ajali, mama ni mtu mzima, msamehe. Karani angeandika. Lakini ili niliseme, ilinibidi nimnyang'anye yule mama gari lake pale dirishani, tena nimfanye mzee asiyejua anachosema, naye amesimama hapo na kiatu chake cha kanisani, kitu cha kwanza chenye injini alichowahi kukiita chake. Neno likarudi lilikotoka.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimuuzia."

Binti akaweka kalamu chini na kutueleza, bila hasira, kama mtu aliyeeleza hivyo kwa wengi. Bima waliyonipa ilikuwa makubaliano yao na mimi kuhusu gari langu. Siku niliyoliuza, lilikoma kuwa langu, na bima ikaisha kazi siku hiyo hiyo. Hailifuati gari kwa mnunuzi, mpaka kampuni iambiwe na ikubali kwa maandishi. Kama ningekwenda siku ile ya kuuza, wangenirudishia fedha ya miezi iliyobaki, na mama angekata ya kwake saa ile ile. Sasa hakuna cha kunirudishia maana sikuwaambia, na hakuna cha kumlipa fundi.

Mkunga akafikiri. "Kwa hiyo hiyo stika kwenye kioo ilikuwa bima ya nani?"

"Ya mtu asiye na gari, mama."

Tulishuka ngazi. Chini, kwenye makopo ya rangi, akasimama.

"Ulitaka kusema gari si langu?"

"Nilitaka fundi atibiwe, mama."

"Na mimi nataka atibiwe." Akahamisha mkoba mkono wa pili. "Kadi yangu iko wapi, baba?"

"Dukani. Kwenye droo."

"Nimeingoja tangu siku ile. Nikasema nikikudai utaona nakutilia shaka."

"Na mimi nikasema nikikuletea karatasi za kutia sahihi, utaona nakutilia shaka."

Akanitazama vile nadhani alivyokuwa akiwatazama waliosukuma kabla ya wakati. "Basi," akasema, "tumeheshimiana mpaka tumemvunja mtu mguu."

Mengine utayakisia. Ile bahasha ya Mkunga, niliyokuwa nimeiwekea mashine mpya, ilikwenda hospitali. Mkunga akauza nusu ya kuku wake na kumnunulia fundi cherehani nyingine. Wifi yako na jirani mmoja walimaliza sare kwenye sebule yetu, na hadi leo nikikaa kwenye kochi nachomwa na pini. Walitulalamikia wazazi wawili tu waliopewa suruali zenye mguu mmoja mrefu, na mmoja wao nilimwambia mtoto atakua.

Tulipomaliza na mguu tukaenda ofisi ya kodi kuhamisha umiliki. Huko, mdogo wangu, ndiko nilikoacha kilichobaki cha magoti yangu. Dirisha la kwanza linakutuma la tatu, la tatu linasema ungeanzia la pili. Karani wa la pili akauchukua mkataba tuliouandika, akaitazama ile bei, akaniuliza, "Hii ni bei ya gari au ya matairi?"

Nikamwambia ni bei ya mkwe.

"Bei ya mkwe haipo kwenye jedwali, mzee."

Kumbe wana jedwali lao. Kila aina ya gari na umri wake ina thamani, na ukiuza chini ya hapo kwa sababu ya mapenzi, ada ya uhamisho inakatwa kwa thamani yao, mapenzi ni juu yako. Juu yake kukawa na adhabu ya kuchelewa, kwa kuwa muda wa kuhamisha ulishapita wakati sisi tunaheshimiana. Habari njema ni moja: faida niliyodhani nitatozwa kodi sikutozwa, kwa kuwa mimi si mfanyabiashara wa magari, nimeuza langu kuukuu tu. Sikuwa na faida yoyote, lakini nilifurahi kutotozwa kitu.

Basi nakuomba, Kijiko, na sikuombi kama mtu anayejua, nakuomba kama mtu aliyekwisha kukalia vile viti. Sheria za huko kwenu huenda si kama za kwetu, kwa hiyo kabla ya mwisho wa mwezi nenda kaulize kwenye bima yako na kwenye ofisi yenu ya kodi. Waulize bima inakufa saa ngapi ukiuza, na kama kuna miezi ya kurudishiwa. Ulizeni nani analipa ada ya kuhamisha na kabla ya lini, mkubaliane wakati bado mnacheka. Andikeni mkataba hata kama mtauandika kwenye karatasi ya daftari la mapacha, na msiandike tarehe tu, andikeni na saa, ili akigonga mtu jioni ijulikane kama alikuwa anaendesha la kwake au la kwako. Kodi ya mwaka ukiilipia, mwonyeshe risiti. Stika yako ibandue kwa mkono wako mwenyewe, kwa wembe na maji ya moto, na gari lisitoke getini mpaka shemeji yako awe na ya kwake.

Najua utakachosema. Utasema atajisikia vibaya, ataona unamfanya mgeni. Nilisema hivyo hivyo. Ila mama mkwe amenituma nikwambie neno moja, na amenisimamia mpaka nimeliandika: usimwachie ndugu yako kazi ya kuidai kadi. Mpe kadi kwanza, ndipo chai.

Kadi yake ilitoka Jumanne iliyopita. Alikwenda nayo moja kwa moja hadi barazani kwa fundi, ambaye amerudi kazini, mguu wenye plasta ameuweka juu ya kigoda na cherehani mpya inakwenda kwa umeme. Nilikuwapo, maana siku hizi nikitaka kwenda popote naomba lifti. Fundi akaisoma kadi kwa sauti, jina lote, mpaka lile la katikati ambalo Mkunga halipendi.

"Hongera, mama," akasema. "Sasa gari ni lako kweli."

"Lilikuwa langu," Mkunga akamwambia, "tangu siku niliyokugonga nalo."

Fundi alicheka mpaka akaushika mguu. Mkunga hakucheka. Alitoa kitambaa mkobani, akaifunga kadi, akamwambia fundi akusanye vitu vyake, ilikuwa siku yake ya kliniki. Fundi akakaa mbele, kiti kimesukumwa nyuma ili mguu unyooke. Mimi nikakaa nyuma na trei za mayai mapajani, ndani ya gari nililoliendesha miaka yote. Kila tulipopita kwenye shimo nilikuwa naambiwa, "Baba, shikilia."

Nikashikilia. Mlango wa nyuma bado haufungi bila nyonga, na kazi hiyo nimepewa mimi.

Wifi yako anakusalimu sana na anauliza kama huko kuna pini ambazo hazichomi. Binti yetu mkubwa anasema mapacha wamtumie michoro mingine, ile ya kwanza ameibandika jikoni. Shangazi anakusalimu, meno mapya yamemkaa vizuri ila anayavua akitaka kula. Fundi hakujui, lakini aliponiona nanunua bahasha alisema nikusalimie, na kwamba shemeji yako arudi nyuma taratibu. Msalimie sana baba watoto wako, na huyo mdogo wake mwambie namtakia gari jema na karatasi zake zote.

Mungu awalinde ndani ya hiyo nyumba mpya na ua wake, na kila atokaye getini arudi akiwa na miguu yake yote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ulipogonga nguzo, sina gari ila nina mama mkwe mwenye gari,

Kaka Mkubwa